UZI: Kumaliza mwaka kwenye kisiwa kidogo, shanta mgongoni. Nilichojifunza kisimani

#1 Shanta Kuukuu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikikaribia Oktoba maswali humu ni yaleyale: nataka kumalizia mwaka kwenye kisiwa kidogo cha joto, nibebe shanta, nilale popote patakaponipokea, nirudi Januari; nianzie wapi? Na majibu ni yaleyale: beba keshi, beba dawa ya mbu, mengine utayakuta huko. Mimi niliondoka na majibu hayo. Nilipanga kukaa siku tisa, nikakaa kumi na mbili, na zile tatu za nyongeza ndizo zilizonifungua macho. Naomba niandike kwa kirefu. Waliowahi kwenda waongezee.

Jina la kisiwa sitalitaja. Ukianza maji yakiwa yanakupwa unakizunguka chote kwa miguu kwa saa tatu hivi. Kina visima viwili tu vya maji ya kunywa, na walionipokea waliniomba nisikitangaze. Niliwaahidi.

Nilifika gatini tarehe 23 Desemba mchana nikijiona nimewahi. Gati limefurika. Nilikuwa nimesahau jambo dogo kabisa: mwisho wa mwaka hatuendi kisiwani sisi wageni peke yetu. Wenye kisiwa nao wanarudi kwao, kila mmoja na mzigo wa mwaka mzima. Nimeona magodoro yamekunjwa kwa kamba, mabati, mtungi wa gesi, baiskeli ya mtoto ikiwa bado na nailoni ya dukani. Mimi na shanta langu tulikuwa tunagombania nafasi na mtu ambaye hajamwona mama yake tangu Januari.

Boti ya kwanza nahodha akaniita, "Wewe mwenye begi, panda, nafasi ipo." Nikachungulia ubavuni. Ukingo ulikuwa umebaki kama upana wa kiganja juu ya maji, na bado walikuwa wanateremsha mifuko ya saruji ndani. Majaketi ya kuokolea niliyoyaona yalikuwa manne, yamefungwa pamoja juu ya injini. Nikasema hapana. Akacheka, wakaondoka. Walifika salama, na nilishukuru kusikia hivyo, ila hata leo ningekataa tena. Nililala bandarini nikaondoka kesho yake saa kumi na mbili asubuhi na boti iliyokuwa nusu tupu. Asubuhi bahari huwa imelala. Mchana nchi kavu ikishapata joto upepo wa baharini unaamka, na mashua ndogo inaanza kulipigia kila wimbi magoti. Kwa hiyo mtu akikwambia boti ya asubuhi imejaa ila ya saa tisa alasiri ina nafasi, jua ni kwa nini ina nafasi.

Sasa nifike kwenye kisima, maana ndicho kilichonifanya niandike uzi huu.

Mama aliyenipangisha chumba alikuwa anateka maji kwa ndoo na kamba. Kwenye kamba amefunga kipande cha kitambaa cha bluu. Siku ya kwanza nilimsaidia kuteka, nikaona ndoo ikigusa maji kitambaa kinakuwa sawasawa na ukingo wa kisima. Sikukitilia maanani. Tarehe 28 nikateka tena, kitambaa kikazama ndani ya kisima kama shibiri moja kabla ndoo haijagusa maji. Nikamwambia, mama, maji yameshuka. Akaniuliza, "Bahari imejaa au imekupwa?" Nikasema imekupwa. Akasema, "Basi rudi ikijaa ndipo unijibu, mwanangu. Kisima hiki kinapumua na bahari."

Nilirudi bahari ilipojaa. Ni kweli, maji yalikuwa yamepanda. Lakini hayakufika pale yalipokuwa tarehe 24 wakati kama ule.

Kwa ambao hawajawahi kulifikiria hili: kwenye kisiwa kidogo cha matumbawe au mchanga hakuna mto wala ziwa. Mvua inanyesha, inazama, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, yanakaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya kisiwa, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Kanuni yake ni ya zamani na iko kwenye vitabu vya wataalamu wa maji: kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inategemea mita 40 hivi za maji baridi zilizo chini ya usawa huo. Akiba yote ni hiyo. Ukiyavuta maji taratibu, yanajirudisha mvua zikija. Ukiyavuta kwa pupa sehemu moja, maji ya chumvi yanapanda kutoka chini moja kwa moja hadi kwenye kisima.

Na ndivyo ilivyokuwa. Gesti moja mpya ilikuwa imeweka pampu ya umeme ili wageni wa sikukuu waoge kwa bomba la mvua. Tarehe 31 asubuhi mama alinipa kikombe, akaniambia nionje. Haikuwa chumvi ya kutema, ila ulimi uliitambua. Wazee wakaenda kuongea na mwenye gesti, na pampu ikazimwa siku mbili.

Nikafanya hesabu yangu. Mimi binafsi nilikuwa naoga mara tatu kwa siku, kila nikitoka baharini, ndoo nzima, kwa sababu chumvi inawasha. Hakuna aliyenikataza. Mgeni hakatazwi maji. Baada ya siku ile nikawa najisuuza kwa kitambaa kilicholowa na nusu ndoo jioni, basi. Inatosha kabisa, na ngozi haikunidai kitu.

Mkesha wa mwaka mpya tulikuwa wageni kama kumi, tukataka kuwasha moto mkubwa ufukweni upande wa mashariki. Kijana wa yule mama akaja mbio kutuomba tusiwashe. Akatupeleka hatua mia hivi, akamulika chini na tochi ya mwanga mwekundu: mchangani kulikuwa na alama pana, kama tairi la trekta limetoka baharini likapanda hadi kwenye majani na kurudi. Kasa ametaga. Watoto wa kasa wakitoka kwenye shimo usiku wanafuata palipo na mwanga zaidi, na kwa asili palipo na mwanga zaidi ni baharini. Ukiwasha moto nyuma yao wanageuka wanakufuata wewe, na asubuhi jua linawakuta nchi kavu. Tukahamia upande wa kijiji, bila moto. Saa sita usiku ilipofika kulikuwa na giza, sauti za watu, na nyota nyingi kuliko nilizowahi kuziona. Sijawahi kuwa na mkesha mwingine kama ule.

Tarehe 2 Januari nilitakiwa kuondoka. Jua linawaka, mawingu hakuna, upepo kidogo tu, na nahodha anasema hatutoki. Nilibishana naye, najuta. Akanichukua hadi kwenye mwamba akaniambia nihesabu. Mawimbi yalikuwa machache, yamepishana mbali, lakini kila moja likifika kwenye mlango wa mwamba linasimama kama ukuta. Mawimbi ya aina hiyo yanazaliwa na dhoruba iliyo mbali sana, yanasafiri maelfu ya kilomita, na yanafika mahali ambapo mbingu ni nyeupe. Siku tatu hatukutoka. Ndege yangu ikaondoka bila mimi, keshi ikaisha, na kisiwa hakina benki wala mashine ya kutolea pesa. Yule mama alinilisha kwa deni.

Ninachotaka kusema, wakuu, ni kwamba kisiwa kidogo hakina akiba. Boti, maji, vitanda, dawa, gesi ya kupikia, vyote vimepimwa kwa waliopo, na mwisho wa mwaka waliopo wanaongezeka mara mbili kabla wewe hujafika. Ukipanga safari yako kwa kuanzia hapo, mengine yananyooka.

Karibuni.

---

#2 Kijana wa Gati

Mkuu, umeshusha nondo. Hilo la kisima kupumua na bahari sikuwahi kulisikia.

Swali langu ni la msimu. Mimi nimepata likizo kuanzia tarehe 20 Desemba hadi 6 Januari, siwezi kubadilisha. Kila nikisoma naambiwa Desemba ni kiangazi visiwani. Mwenzangu mmoja alikwenda akanyeshewa siku nane mfululizo, hema likaoza. Nani mkweli?

---

#3 Bi Pepo

Wote wakweli, mdogo wangu. "Visiwa vya joto" si mahali pamoja. Angalia pepo za msimu na upande wa bahari, usiangalie jina la nchi.

Mfano mzuri ni Thailand. Koh Samui, Koh Phangan na Koh Tao viko upande wa Ghuba, na mvua zao kubwa ni kati ya Oktoba na Desemba, Novemba ndiyo inaongoza. Ukivuka upande wa pili, bahari ya Andaman, wakati huohuo ni kiangazi kizuri. Nchi moja, mwezi mmoja, mbingu mbili. Nimewahi kukaa siku sita Samui katikati ya Desemba nikisikiliza mvua kwenye bati, wakati rafiki yangu upande wa pili ananitumia picha za jua. Tungetazama ramani ya pepo tungekuwa pamoja.

Karibiani msimu wa vimbunga unahesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, kwa hiyo Desemba unakuwa umepita. Pasifiki ya kusini na kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi ni kinyume: vimbunga vyao ni Novemba hadi Aprili, yaani sikukuu zinaangukia ndani ya msimu. Haina maana usiende, kwa sababu siku nyingi za msimu huo ni shwari. Ina maana usikilize utabiri kila siku na uwe na nafasi ya kuondoka mapema.

Na Ufilipino msidanganyike kwamba Desemba kimbunga hakiji. Siargao, kisiwa ambacho watu wa mashanta wanakipenda sana kwa mawimbi yake, kilipigwa na kimbunga Rai, wenyewe wakikiita Odette, tarehe 16 Desemba 2021. Siku tisa kabla ya Krismasi. Nyumba kwa nyumba ziliezuliwa.

Ukishachagua kisiwa, uliza swali moja tu kwa mtu aliyeko huko: Krismasi iliyopita boti zililala siku ngapi? Jibu lake ni bora kuliko wastani wa mvua kwenye mtandao.

---

#4 Mzee wa Ukumbini

Nimesoma kwa makini na nampongeza mleta uzi kwa uungwana. Lakini niruhusuni niseme lisilopendeza.

Kama kisiwa hakina akiba, na mwisho wa mwaka ndio wenyewe wanarudi kwao, kwa nini twende wakati huo? Mwaka una miezi kumi na miwili. Tumeona kinachotokea. Boracay, kisiwa cha kilomita za mraba kama kumi tu, serikali ya Ufilipino ililazimika kukifunga kwa wageni miezi sita mwaka 2018 kwa sababu maji taka yalikuwa yanaingia baharini. Mwaka huohuo Thailand ikaifunga Maya Bay, ile ghuba ndogo ya Phi Phi Leh, na ikakaa imefungwa hadi Januari 2022 ili matumbawe yapumue. Haya hayakufanywa na matajiri wa mahoteli peke yao. Mwenye shanta alitangulia, akapiga picha, akasifia, wengine wakamfuata.

Na sikukuu kwangu mimi ni za kuwa na watu wako. Unampa nani heri ya mwaka mpya huko, wimbi?

---

#5 Shanta Kuukuu

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako nimelala nalo siku mbili, ndiyo maana nimechelewa.

La Boracay na Maya Bay sina ubishi nalo, na ndiyo sababu jina la kisiwa kile litabaki moyoni mwangu. Kuhusu kwa nini mwisho wa mwaka: wengi wetu ndiyo likizo pekee tunayopewa. Ningekuwa na hiari ningekwenda nusu ya pili ya Januari, ambapo mahali pengi hali ya hewa ni ileile na boti ni tupu. Mwenye hiari hiyo aitumie, namshauri kwa moyo wote.

Lakini kuna jambo sikulieleza vizuri. Zile siku tatu tulizokwama, wageni wote kumi hatukuwa na pa kwenda, tukaingia kazini. Tulisaidia kuzoa mwani na takataka zilizoletwa na yale mawimbi, tukavuta mashua tatu hadi juu zisivunjike. Mashua moja inavutwa na watu kumi na wanne, nimewahesabu, na kijiji pale kilikuwa kinahitaji kila mkono. Jioni tulikaa ukumbini kwa mama. Heri ya mwaka mpya yangu niliipa pale, mzee, kwa watu ambao hadi leo tunapigiana simu. Mama yangu mzazi nilimwambia mapema, nikamwachia ratiba, akaniombea. Sikumkimbia.

---

#6 Binti Msafara

Marahaba kwa wote waliochangia. Mimi ni mwanamke, nitasafiri peke yangu, mara ya kwanza kisiwani. Naomba dada yeyote aliyewahi kwenda aniambie ukweli. Nimeshachoka kuambiwa "usiende" na watu ambao hawajawahi kwenda.

---

#7 Bi Pepo

Mdogo wangu, nimekwenda peke yangu visiwa vitatu tofauti. Ukweli wenyewe huu.

Usiku wa kwanza lipia kabla, mahali panapojulikana, ufike mchana. Mwisho wa mwaka ukifika jioni bila chumba, vyumba vimeisha, na anayekwambia "njoo ukalale kwetu" saa mbili usiku humjui. Ukishalala usiku mmoja ukaona mazingira, hamia unakotaka.

Tafuta mwanamke mwenyeji, umsalimie, akujue jina. Kisiwa kidogo habari zinatembea kuliko boti. Mama mmoja akikuchukua kama mgeni wake, kijiji kizima kinajua wewe ni wa nani, na hiyo ni kinga kuliko kufuli. Mavazi ya ufukweni yaache ufukweni. Ukiingia kijijini jifunike. Mkesha wa mwaka mpya kinywaji chako ukishike mwenyewe, na usirudi peke yako kwa njia ya ufukweni hata kama ni dakika tano: maji yakijaa njia hiyo haipo tena. Na mtu mmoja nyumbani awe na jina la boti yako na siku ya kurudi, pamoja na maelekezo haya: nisiposikika siku mbili zaidi, usihofu, huenda bahari imechafuka, siku nne, piga simu hapa.

Nenda. Utarudi ukiwa na nguvu ambazo hukujua unazo.

---

#8 Dokta Mikono Safi

Mimi ni muuguzi. Nitagusa mambo ambayo yanaharibu safari kimyakimya.

Kidonda cha tumbawe. Watu wanakidharau kwa sababu ni mkwaruzo tu. Vipande vidogo vinabaki ndani, na joto na unyevu wa kisiwani vinafanya kidonda kinyevuke siku ya tatu. Osha hapohapo kwa maji safi na sabuni, sugua taratibu vipande vitoke hata kama inauma, paka dawa, usirudi baharini hadi kifunge. Viatu vya kuvaa majini vingezuia yote hayo, na pia wale viumbe wa miiba myeusi mirefu wanaokaa kwenye mawe.

Mbu. Wengi mnabeba chandarua na mnajiona mmemaliza. Mbu wa dengue anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, na anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama: mapipa, ndoo, vifuu vya nazi. Kisiwa kinachohifadhi maji ya mvua kina vyombo hivyo kila nyumba. Kwa hiyo dawa ya kupaka mchana, na ukiona pipa halina mfuniko, mwambie mwenyeji kwa adabu. Homa ikikupata na macho yanauma kwa nyuma, tumia parasetamo, usiguse aspirini wala ibuprofeni hadi upimwe, kwa sababu ya hatari ya kuvuja damu.

Tumbo. Beba paketi za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Zikiisha: lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu, si vya kujaza kichuguu. Chumvi ikizidi unaumiza.

Mafuta ya kujikinga na jua, tazameni yameandikwa nini. Palau tangu 2020 na Hawaii tangu 2021 zimezuia yale yenye kemikali ya oksibenzoni, kwa sababu ya matumbawe. Mimi nawaambia wagonjwa wangu shati la mikono mirefu linashinda mafuta yote, na halioshwi na maji. Desemba jua liko juu kabisa ya nusu ya kusini ya dunia. Mchana kivuli chako unakikanyaga.

---

#9 Nahodha Mstaafu

Vijana, mmesema vizuri. Mimi nimekaa baharini miaka mingi, naongeza mawili.

La kwanza ni maji kujaa na kupwa. Kila mwaka lazima nisikie habari ya watoto wa watu waliotembea hadi kwenye fungu la mchanga maji yakiwa yamekupwa, wakapiga picha, wakasahau kugeuka. Nilishawachukua wawili siku moja baada ya Krismasi, wamesimama maji kifuani, mashanta vichwani. Jana yake walivuka saa tatu asubuhi wakarudi saa tano bila kulowa, leo wamekwenda tena muda wa watu wavivu, saa tano. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo walidhani wana muda mrefu zaidi. Lakini walianza kuhesabu wakati maji yalishaanza kurudi. Halafu ilikuwa bamvua, mwezi mpevu umepita usiku wa jana. Siku za bamvua maji yanatoka mbali zaidi na yanarudi kwa kasi zaidi; siku za maji mafu yanasogea kidogo tu. Ukiwa kisiwani jua mwezi una siku ngapi kabla hujajua siku ya wiki.

Ukivutwa na mkondo unaotoka nje, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Wanaokufa wanakufa kwa kuchoka.

La pili ni zito. Tarehe 26 Desemba 2004, siku moja baada ya Krismasi, ardhi ilitikisika chini ya bahari karibu na Sumatra, tetemeko la ukubwa wa 9.1. Watu zaidi ya 200,000 walikufa katika nchi 14, wakiwemo maelfu ya wageni waliokuwa ufukweni kwa sikukuu. Kuna kisiwa kinaitwa Simeulue, kiko karibu kabisa na kitovu cha tetemeko lile, wakati huo kikiwa na watu wapatao 78,000. Waliokufa ni saba. Wale watu walipigwa na tsunami mwaka 1907, na tangu hapo wazee wakawa wanawasimulia watoto kwa neno moja, *smong*: ardhi ikitikisika sana, bahari ikarudi nyuma, usiokote samaki, kimbilia mlimani. Miaka 97 neno lile lilikaa midomoni mwa watu likawaokoa. Siku hiyohiyo huko Phuket msichana wa Kiingereza wa miaka kumi aliona maji yanachemka povu, akakumbuka somo la jiografia, akawapigia kelele wazazi wake, na ufukwe ule ukahamwa kwa wakati.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujatandika hema, uliza: palipoinuka ni wapi? Kisiwa kikiwa tambarare, jengo gani ni imara lenye ghorofa? Tembea hadi hapo mara moja kwa miguu yako. Ni dakika kumi za likizo yako.

---

#10 Kijana wa Gati

Nahodha, hilo la Simeulue limenisisimua mwili. Asante sana.

Mwenye haraka ya kuuona mwaka mpya kabla ya wote, nimesoma kuhusu Kiritimati, kisiwa cha Kiribati. Tangu 1995 kiko saa 14 mbele ya saa ya Greenwich, hakuna saa ya mbele zaidi ya hiyo duniani. Na jina lenyewe ni "Christmas" kwa matamshi ya Kikiribati, kwa sababu Cook, yule baharia Mwingereza, alifika pale mkesha wa Krismasi 1777. Ni mbali mno kwa mfuko wangu, ila nimependa kujua kipo.

Mimi nimeshaamua, upande wa Andaman. Mleta uzi, kwenye shanta lako safari ijayo unatoa nini, unaongeza nini?

---

#11 Shanta Kuukuu

Natoa nusu ya nguo. Nilibeba suruali tatu, nikavaa moja. Natoa spika.

Naongeza mfuko usiopitisha maji, kwa ajili ya pasi, keshi na simu, maana kushuka botini mara nyingi ni majini hadi kiunoni. Keshi nagawa sehemu mbili, na moja siigusi hadi nirudi bara; hiyo ni ya siku za kukwama. Tochi ya kichwani yenye taa nyekundu. Chombo changu cha maji, na vidonge vya kusafishia, ili nisinunue chupa za plastiki ambazo kisiwa hakina pa kuzipeleka. Nilizokuja nazo nilirudi nazo. Na baina ya siku ya kutoka kisiwani na siku ya ndege, siku tatu tupu.

---

#12 Binti Msafara

Nimerudi na habari njema. Nimeshapata nafasi ya boti tarehe 17 Desemba, ya asubuhi, na usiku wa kwanza nimelipia. Nimempata na mama mwenyeji kwa simu, ananiita mwanangu tayari.

Nimwulize mleta uzi la mwisho. Nataka kumpelekea zawadi na sitaki kupeleka kitu cha kumjazia nyumba. Wewe yule mama yako unarudi kwake mwaka huu? Unampelekea nini?

---

#13 Shanta Kuukuu

Hongera sana dada, na umefanya vizuri kuchukua ya asubuhi.

Mpigie umuulize. Mimi nilikuwa nimeshawaza vitambaa na taa ya sola, nikampigia, akanyamaza kidogo, akasema kamba ya kisima imeanza kukatika pale inapogusa ukingo. Mita nane, ngumu lakini isiyokwaruza mikono. Nilizunguka maduka matatu ya vifaa vya mashua nikaipata. Iko chini kabisa ya shanta sasa hivi.

Nilitaka kufunga na kitambaa cha bluu kabisa, niipeleke ikiwa tayari. Akanikatalia. Amesema ataipima mwenyewe siku nitakayofika, bahari ikiwa imejaa.